KIPANDO KISICHO NA PAA KATIKA MIEZI YA MVUA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye maji kutoka mbinguni akaihuisha kwayo ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya haya.

Wasomaji wetu watukufu, jambo tulitakalo kulieleza mwezi huu laonekana dogo, lakini limeingia katika kila nyumba. Ni jambo la kipando kisicho na paa, yaani pikipiki ya abiria ambayo watu wote huiita bodaboda, na namna tuipandavyo katika miezi ya mvua. Sisi tukaao Nkome, katika Wilaya ya Geita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, twapata mvua kwa nyakati mbili: vuli, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba ikaishia Desemba, na masika, tangu Machi hadi Mei. Mvua ya ziwani haibishi hodi. Asubuhi anga huwa jeupe, na kabla chai haijapoa wingu jeusi limekwisha kutanda juu ya maji, upepo umegeuka, na njia iliyokuwa vumbi imekuwa utelezi.

Lakini katika miezi hiyo desturi yetu ya kusafiri haibadiliki. Mwendo ni ule ule, mzigo ni ule ule, idadi ya watu juu ya kiti ni ile ile, na haraka huzidi. Hapo ndipo penye msiba. Nasi twasema tangu mwanzo, ili msomaji ajue tunakokwenda, kwamba lawama ya ajali za masika hutupwa yote juu ya vijana waendeshao, hali ya kuwa fungu kubwa la lawama hiyo ni la wale wanaowatuma na kuwaharakisha: abiria, wazazi, wafanya biashara na wenye pikipiki.

NEEMA YA KIPANDO

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratun-Nahl, aya ya 8, kwamba farasi na nyumbu na punda ni katika viumbe alivyotuumbia tuvipande na viwe pambo kwetu. Kisha akatujulisha kuwa yeye huumba na vingine tusivyovijua. Wako wanavyuoni waliosema kuwa vipando vya zama hizi vimo ndani ya maana hiyo. Basi pikipiki ni neema, na neema hushukuriwa, haitukanwi.

Asili ya bodaboda ni vijana wa Busia, mji ulio mpakani mwa Kenya na Uganda, ambao katika miaka ya 1960 waliwabeba watu kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi upande wa pili. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka, likitamkwa mara mbili kama mpiga debe anavyoita abiria. Baadaye pikipiki za kutoka India na China zikashika mahali pa baiskeli. Hapa Tanzania, kanuni za pikipiki na bajaji za abiria zilitolewa mwaka 2010, na mwaka 2019 ikaundwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu.

Nani awezaye kukana faida yake? Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hufikishwa kituo cha afya kwa pikipiki. Gunia la dagaa kutoka mwaloni hufika gulioni kwa pikipiki. Habari ya msiba hupelekwa kwa pikipiki, na mwalimu huwahi darasa lake kwa pikipiki. Penye njia ya miguu tu, motokaa husimama na pikipiki hupita. Kijana ambaye hakupata ardhi ya kulima wala mtumbwi wa kuvulia hupata kwayo riziki ya halali na kuwalisha wazee wake. Kwa hiyo hatuandiki haya kuwakataza watu kupanda. Twaandika ili wapande wakafike.

MFANO WA MBALI

Katika nchi za Ulaya wako watu wenye uwezo wanunuao motokaa ndogo za mwendo wa kasi, zenye viti viwili na paa la turubai au la bati linalokunjwa. Mazda ya Japani imetengeneza gari la namna hiyo, liitwalo MX-5, tangu mwaka 1989, nalo limependwa duniani kote. Gari hilo limefanywa kwa ajili ya jua: mtu hukunja paa, akapunga hewa, akafurahi. Lakini huko huja miezi ya baridi kali, theluji ikaanguka, na maji barabarani yakaganda yakawa kama kioo.

Je, mwenye gari hilo hufanyaje? Wako walifungialo bandani hadi baridi ipite. Na wako waendelea kuliendesha, lakini kwa adabu nyingine kabisa. Paa hulifunga. Turubai lililoganda kwa baridi hawalikunji, kwa kuwa vile vidirisha vya plastiki vya magari ya zamani hupasuka. Magurudumu huyabadilisha, kwani mpira wa kawaida huanza kuwa mgumu baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, ukapoteza mshiko wake. Hutia mipira mingine iliyo laini na yenye mifereji mingi. Huko Sweden sheria yawataka watu wawe na mipira hiyo tangu tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi kila iwapo hali ya barabara ni ya baridi kali. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huila bati, basi wao huliosha gari hata chini ya tumbo lake. Na mwendo huupunguza.

Tazameni, enyi ndugu. Hao wana paa la kukunja na kukunjua, wana kioo mbele yao na bati ubavuni, na juu ya hayo yote msimu ukibadilika nao hubadilika. Sisi tulio juu ya kipando kisicho na paa, wala kioo, wala ubavu, hatubadilishi kitu. Ni nani kati yetu na wao aliye na haja zaidi ya tahadhari?

MAJI YANAVYOFANYA KAZI YAKE

Yafaa watu wa nyumbani wajue kwa nini mvua ni hatari kwa pikipiki, kwa maana ajuaye sababu hutii shauri kwa hiari.

Kwanza ni njia. Mvua ya mwanzo, inapokutana na vumbi la miezi ya kiangazi, hufanya tope jembamba lenye kuteleza kuliko hata tope zito la baadaye. Katika mabonde yetu ya mbuga, udongo ule mweusi ukishiba maji hushika gurudumu na kujaa chini ya bati la matope hata gurudumu likakataa kuzunguka. Na penye lami, maji huchanganyika na mafuta yaliyodondoka kutoka magarini.

Pili ni gurudumu. Ile mifereji iliyochongwa katika mpira imewekwa ili maji yapate pa kutokea. Mpira ukilika hata ukawa laini kama kipara, maji hayana pa kwenda. Pikipiki huelea juu yake, na aliyeishika usukani hana tena amri.

Tatu ni breki. Pikipiki nyingi za abiria zina breki zilizofungwa ndani ya kikombe cha gurudumu. Maji yakiingia humo breki hulegea mpaka ikauke. Dereva mjuzi akivuka dimbwi hubonyeza breki kidogo kidogo huku akienda polepole, ili joto liikaushe. Tena ijulikane kuwa mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huzidi mara nne, hata katika njia kavu. Aendaye kilomita 60 kwa saa si mara mbili ya aendaye 30, bali ni mara nne katika kusimama kwake. Na utelezi huongeza juu ya hapo.

Nne ni mwili wa dereva mwenyewe. Matone hupiga macho. Nguo zikilowa, upepo wa mwendo huiba joto la mwili, vidole vikafa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi huchelewa kushika breki. Kijana aliyelowa tangu alfajiri si yule yule aliyeanza kazi akiwa mkavu.

Tano ni maji yapitayo juu ya njia. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yaweza kuichukua motokaa ndogo. Basi ni nini pikipiki? Katika vijito vyetu, ambavyo kiangazi hupitwa na mbuzi bila kulowesha kwato, mtu asivuke maji asiyoiona chini yake, hata kama ng'ambo ni kwake.

NENO "AJALI HAINA KINGA"

Tukisema haya, wapo wanaotujibu kwa ile methali ya kale kwamba ajali haina kinga, kisha wakaongeza kuwa kila lililoandikwa litakuwa. Twaamini kadari, kheri yake na shari yake, na asiyeiamini hakutimiza imani. Lakini kuamini kadari si kuacha sababu.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari kwamba huko kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kuwa anaiacha kadari moja ya Mungu na kuiendea kadari nyingine ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyefika katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja ni mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Na yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu.

Basi kofia ngumu ni ile kamba ya ngamia. Wako vijana wa Kiislamu wanaoona kuvaa kofia hiyo ni woga au ni upungufu wa tawakali. Na wajue kwamba Mtume (S.A.W.), ambaye hakuna aliyemtegemea Mungu kuliko yeye, siku alipoingia Makka kwa ushindi, katika mwaka wa 8 wa Hijra, aliingia akiwa amevaa kofia ya chuma kichwani, habari hiyo ni sahihi, imepokewa na Anas (R.A.). Na katika Suratun-Nahl hiyo hiyo, aya ya 81, Mwenyezi Mungu amezihesabu nguo zinazotukinga na madhara kuwa ni katika kutimiza neema zake kwetu. Mwenye kuidharau kinga amedharau neema.

Na faida yake si ya kukisia. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya pamoja uchunguzi mwingi wa nchi mbali mbali walipata kwamba kofia ngumu humpunguzia mwendesha pikipiki aliyepata ajali hatari ya kufa kwa kiasi cha 42 katika kila 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha 69 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 1,190,000 walikufa katika barabara za dunia, na kwamba katika kila watu watano hao mmoja hivi alikuwa juu ya chombo cha magurudumu mawili au matatu. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio watoto wetu, na hao ndio wanafunzi wetu.

Jirani zetu wa Rwanda wametuonyesha kuwa jambo hili lawezekana. Katika mji wa Kigali dereva wa pikipiki hubeba kofia mbili, yake na ya abiria, naye hubeba abiria mmoja tu. Nchi hiyo si tajiri kuliko yetu, na vilima vyake ni vikali kuliko vyetu.

SIKU YA TOPE NA UTELEZI

Sasa twaja kwenye kiini cha maneno yetu. Siku moja ya Ijumaa mvua ilinyesha, na Ibn Abbas (R.A.) akamwambia mwadhini wake kwamba, mahali pa kuwaita watu waijie Sala, awatangazie wasali majumbani mwao. Watu wakastaajabu. Naye akawaeleza kwamba aliyekuwa bora kuliko yeye, yaani Mtume (S.A.W.), alifanya hivyo, na kwamba ingawa Ijumaa ni wajibu, yeye hakupenda kuwatia watu mashakani wakaja wakitembea katika tope na utelezi. Kadhalika Ibn Umar (R.A.) alifanya mfano wa hayo katika usiku wa baridi na upepo, akaeleza kuwa Mtume alikuwa akimwamrisha mwadhini hivyo safarini.

Zingatieni jambo hili, ndugu Waislamu. Ijumaa ni faradhi. Nayo, kwa ajili ya tope na utelezi tu, watu waliruhusiwa kubaki nyumbani. Je, kikao cha harusi ni kikubwa kuliko Ijumaa? Deni la dukani ni kubwa kuliko Ijumaa? Kilo kumi za dagaa ni kubwa kuliko Ijumaa? Ikiwa sheria ya Mungu imemngojea mja mpaka mvua ikatike, ni nani wewe usiyeweza kumngojea kijana wa watu nusu saa?

Lakini tuyaonayo kituoni ni kinyume. Wingu likitanda juu ya ziwa, mwenye dagaa waliokaushwa huona mali yake itaharibika, akamwambia kijana, "Mwanangu, kimbiza, mvua isitukute." Mwingine humwahidi nyongeza ya nauli akiwahi. Mwingine humwambia kuwa kama anaogopa atamwita mwenzake asiyeogopa. Kijana ana umri wa miaka ishirini, ana mke au mama anayemngojea na chakula, naye hawezi kukataa. Akianguka, twasema vijana wa siku hizi hawana akili. Aliyemharakisha hatajwi katika habari ya ajali, lakini kwa Mola wake ameandikwa. Haraka ni katika mambo ya shetani, na kutulia kwatokana na Mungu. Hayo tumefundishwa na dini yetu, na wazee wetu wakayatia katika methali zao.

Mwenye dagaa ana njia nyingine. Na anunue turubai, aufunike mzigo wake vema, angoje. Turubai hununuliwa mara moja likatumika misimu mingi. Mguu hauuzwi dukani.

WATOTO JUU YA MSHIKAKI

Lipo neno la mitaani, mshikaki, litumiwalo kwa watu watatu au wanne waliopangwa juu ya pikipiki moja kama vipande vya nyama katika kijiti. Asiye mzazi hucheka akilisikia. Mzazi halimchekeshi, kwa kuwa vipande hivyo mara nyingi ni watoto wa shule na wa madrasa.

Kanuni za nchi zamruhusu dereva wa bodaboda kubeba abiria mmoja, na zakataza kumbeba mtoto aliye chini ya miaka tisa. Katazo hilo lina hekima. Mtoto mdogo miguu yake haifiki pa kukanyagia, mikono yake haifiki kiunoni mwa dereva, na kofia ya mtu mzima humzunguka kichwani kama chungu. Katika utelezi pikipiki ikilala ubavu, mtu mzima huweza kujitupa pembeni. Mtoto aliyebanwa katikati hana pa kujitupa.

Twajua udhuru wa wazazi: shule ni mbali, nauli ni ndogo ikigawanywa kwa watatu, na mvua yaja. Lakini nauli iliyookolewa kwa wiki nzima haitoshi kununua bandeji za siku moja. Kwa siku za mvua ni afadhali mtoto atembee na wenzake na mkubwa mmoja, wakiwa wamevaa makoti ya plastiki, akachelewa. Nasi tufundishao watoto twawaomba walimu wenzetu wote, wa shule na wa vyuo vya Kurani, mtoto aliyecheleweshwa na mvua asipigwe wala asiaibishwe. Fimbo ya mwalimu isiwe ndiyo inayomsukuma mtoto juu ya mshikaki. Sala yenyewe imepewa ruhusa siku ya tope. Somo la alifu na bee litangoja.

AKINA MAMA NA MAVAZI YAO

Kwa akina mama na dada zetu tuna neno la pekee. Mara nyingi wao hukaa upande, miguu yote ikining'inia ubavu mmoja, wakiwa na buibui au kanga mbili. Makusudio yao ni sitara, na sitara ni wajibu. Lakini nguo iliyolowa huwa nzito, hushuka, na ncha yake huingia katika nyaya za gurudumu au katika mnyororo, ikamvuta mwenyewe chini kwa nguvu asiyoweza kushindana nayo. Tena aliyekaa upande hana mizani, na pikipiki ikiteleza yeye ndiye wa kwanza kuanguka, mara nyingine na mtoto mgongoni.

Sitara na usalama haviko vitani. Mama na avae suruali pana ya heshima chini ya vazi lake, ili aweze kukaa kwa kutanua miguu bila kufunuka. Akusanye pindo za buibui na kanga azifunge juu ya magoti kabla chombo hakijaondoka. Mtandio aufunge vema shingoni usipepee, maana nao huweza kunaswa. Na waume wasione uzito kutoa fedha ya vazi hilo, kwani ni katika matunzo. Mwenye mimba ya miezi mikubwa, isipokuwa kwa dharura, na asipande katika utelezi. Na dharura ikiwapo, dereva aende mwendo wa mtu atembeaye, na mmoja wa jamaa afuate nyuma.

TAJIRI NA HESABU YA KILA SIKU

Vijana wengi hawana pikipiki zao wenyewe. Pikipiki ni ya tajiri, na kijana humpelekea kila jioni fedha waliyoafikiana, ambayo wao huiita hesabu. Ibakiayo ndiyo riziki yake. Mapatano haya, yakiwa wazi kwa pande zote mbili, ni katika mambo ya kukodisha ambayo sheria yetu imeyaruhusu. Lakini mvua hainyeshi kwa mapatano. Siku ya mvua abiria ni wachache asubuhi, na jioni kijana ana nusu ya hesabu. Basi hutoka usiku, akiwa amelowa na kuchoka, kuitafuta nusu ya pili gizani. Na ajali nyingine huzaliwa hapo.

Enyi wenye pikipiki mnaomcha Mungu, jambo hili li mikononi mwenu. Wekeni katika mapatano yenu tangu mwanzo kwamba siku ya mvua kubwa hesabu ipungue, au siku hiyo ihesabiwe ya mapumziko. Mtume (S.A.W.) ametufundisha msingi mkubwa wa dini, kwamba haifai kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Kadhalika, kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, tazameni magurudumu na breki. Mpira uliolika ubadilishwe, mnyororo ulioshwa na tope utiwe mafuta, taa iwake. Mpira mpya ni gharama, kweli. Lakini pikipiki iliyovunjika ni gharama kubwa zaidi, na mtu aliyevunjika hana bei.

RADI

Mkoa wetu wa Geita ni wa radi nyingi. Mwezi wa Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi saba wa shule moja ya sekondari katika Wilaya ya Bukombe, nao walikuwa darasani. Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wao. Ikiwa waliomo ndani ya nyumba hupatwa, aliye juu ya pikipiki katika mbuga tupu ana hatari zaidi. Gari lenye paa la bati humkinga aliyemo. Pikipiki haimkingi yeyote. Ngurumo zikisikika, dereva na asimame mapema, ajihifadhi katika nyumba imara, wala asisimame chini ya mti ulio peke yake, kwani mti mrefu huita radi.

Na wapo wafungao hirizi au kitambaa katika usukani, wakidai kuwa huzuia radi na ajali. Huo si Uislamu. Radi ni jeshi katika majeshi ya Mungu, haitumwi na mchawi wala haizuiwi na kitambaa. Dua ya kupanda kipando imo katika Suratuz-Zukhruf, aya ya 13 na ya 14. Kila mzazi na amfundishe mwanawe, aisome kabla ya kuondoka, kisha avae kofia yake.

HUKUMU CHACHE ZA KUJUA

Watu hutuuliza juu ya tope la njiani lililorukia nguo: je, yafaa kusali nayo? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, tope la njiani ambalo ni taabu kujiepusha nalo husamehewa, hata ikijulikana kuwa limechanganyika na najisi, maadamu najisi yenyewe haionekani wazi. Kwa hiyo abiria asiache sala ya jamaa kwa sababu ya madoa, wala asimsukume dereva ili awahi kwenda kubadili nguo.

Kadhalika wasalio msikitini kwa jamaa, wakija kutoka mbali katika mvua inayowalowesha, wana ruhusa ya kuileta Alasiri wakati wa Adhuhuri, na Isha wakati wa Magharibi, kwa masharti yaliyoelezwa katika vitabu vya fikihi. Imamu wa msikiti ndiye wa kuulizwa. Ruhusa hii imewekwa ili watu wasirudi mara ya pili usiku katika mvua. Ni rehema, na rehema ya Mungu haikataliwi.

Na kwa madereva, tunawakumbusha hukumu moja nzito. Auaye muumini kwa kukosea, bila kukusudia, Kurani imemwekea dia kwa jamaa za marehemu ila wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa. Na asiyempata, kwa kuwa leo utumwa umekwisha, afunge miezi miwili mfululizo. Hayo yamo katika Suratun-Nisaa, aya ya 92. Wengi hulipa faini mahakamani wakadhani mambo yamekwisha, na ile saumu hawaijui. Kijana ajuaye kuwa juu ya kiti cha nyuma amebeba roho yenye thamani hiyo, hatakimbia katika tope kwa ajili ya shilingi elfu moja.

WASIA WETU

Basi tunawausia wasomaji wetu mambo manne. Kila nyumba yenye mtu apandaye bodaboda na inunue kofia ngumu yake yenyewe, itundikwe mlangoni pamoja na koti la mvua, kama zamani ulivyotundikwa mwavuli. Kila abiria aseme neno moja anapokaa kitini: "Taratibu, baba, sina haraka"; neno hilo halina gharama, nalo humtua dereva mzigo mkubwa. Kila mzazi akatae mshikaki kwa mwanawe, hata akicheleweshwa. Na kila mwenye pikipiki amwondolee kijana wake hesabu ya siku ya mvua kubwa, akitaraji malipo kwa Mola wake.

Na mvua tusiichukie. Mtume (S.A.W.) alipoiona aliiombea iwe ya manufaa, na ilipozidi hata kudhuru aliomba iende kandokando, katika vilima na mabonde na mashina ya miti, wala hakuomba ikatwe kabisa. Mahindi yetu, mihogo yetu na ziwa letu lenyewe vyaishi kwa mvua hiyo. Twamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie masika yetu kuwa ya baraka, awahifadhi wasafiri wa nchi kavu na wa majini, na awarudishe vijana wetu kwa mama zao wakiwa wazima, wenye riziki ya halali. Amin.